Rufaa za Shangazi Theopista

Mkuu, Rombo
29 Januari 2024

Mpendwa Severa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ng'ombe mzima, paa la jikoni linavuja palepale unapopajua.

Mleta barua hii ni Mzee Onesphory, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, yule seremala aliyekutengenezea dawati ulipokuwa darasa la tatu. Goti lake la kulia limegoma tangu Noeli. Zahanati wanampa vidonge vilevile kila akienda, na hospitali kubwa wanataka rufaa. Nikamwambia, rufaa ya nini wakati mtoto niliyemlea mwenyewe anafanya kazi na madaktari Dar es Salaam? Nimekaa nimeiandika mimi. Ndiyo hii.

RUFAA. Jina: Onesphory. Umri: anasema sabini, ana sabini na nne. Tatizo: goti. Tabia: mbishi, lakini hadokoi cha mtu. Maoni ya mwalimu: nimemuuliza maswali kumi kuhusu goti lake, amepata saba. Anastahili kuonwa.

Mpokee, mpeleke kwa daktari wako mkubwa, umrudishe kabla ya mvua. Wana jumuiya wote wanakuombea tangu uliponiambia kuhusu kazi yako. Nimewaeleza vizuri sana. Simu usipige. Simu ni ya salamu. Jambo la maana huandikwa, ndivyo nilivyokufundisha.

Shangazi yako,
Theopista
(Mwalimu Mkuu mstaafu)


Kariakoo, Dar es Salaam
6 Februari 2024

Shikamoo Shangazi,

Milele amina, na pole na paa.

Mzee Onesphory alifika salama Alhamisi saa nne asubuhi. Aliuliza mtaa mzima, "Daktari Severa yuko wapi?" mpaka akampata Moza, jirani yangu mwenyeji wa Lindi, anayeuza vitenge chini ya ghorofa letu. Moza hawezi kuona mgeni amesimama. Alimpandisha ngazi hadi chumbani kwangu, akamketisha kitandani, akashuka kuuza. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, hedifoni masikioni, siku yangu ya kwanza ya kazi. Nilipogeuka baada ya saa nzima nilimkuta ametulia, kofia mapajani, suruali ameikunja mpaka juu ya goti, anasubiri zamu yake. Nilipiga yowe hadi mchuuzi wa mabegi kule chini akazima spika.

Shangazi, kosa ni langu. Noeli nilisema nimepata kazi na madaktari, nawe kabla sijamaliza ulikuwa umeshamkamata jogoo. Nikakosa moyo wa kuendelea. Sasa naendelea. Mimi si daktari, si muuguzi, na hospitali siingii ila nikiumwa. Nafanya kazi chumbani kwangu hapahapa Kariakoo. Daktari akimaliza kumwona mgonjwa anaongea kwenye mashine, kwa Kiingereza: ana hiki, nimempima hivi, nimempa dawa ile. Sauti inakwenda kwenye kampuni yenye ofisi Posta, kampuni inanitumia mimi, nami nasikiliza na kuandika kila neno kwenye kompyuta, nisiongeze wala nisipunguze. Chini ya meza kuna kanyagio. Nikikanyaga sauti inaenda, nikiachia inasimama. Pale nisiposikia vizuri naweka alama, namrudishia daktari ajaze mwenyewe. Basi, kazi ndiyo hiyo.

Niko kwenye majaribio mpaka tarehe 30 Aprili. Nikifika siku hiyo bila doa, napata mkataba. Sheria yao kubwa ni moja: chumbani asiwepo mtu mwingine yeyote, kwa sababu siri za wagonjwa ni za wagonjwa. Kila Jumatano saa nne msimamizi wangu, Bryson, atakuwa ananipigia kwa video na mimi nizungushe kamera chumba kizima aone niko peke yangu. Naitaka kazi hii, Shangazi. Nimezunguka na vyeti miaka miwili mpaka bahasha imechakaa.

Jumamosi nilimpeleka Mzee Onesphory kwenye kliniki moja Upanga. Goti limelika, linataka mazoezi na siyo vidonge peke yake. Aliyosema daktari nimemwandikia yote kwenye karatasi. Tafadhali usitume mtu mwingine, na uwaeleze wana jumuiya ukweli.

Mtoto wako,
Severa


Mkuu, Rombo
17 Februari 2024

Mpendwa Severa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Maandishi yako yameporomoka, inaonekana ni hiyo kompyuta.

Sasa nimeielewa kazi yako. Madaktari wanatoa maelezo, wanakuletea, wewe unayapitia neno kwa neno, unayaandika upya yakiwa safi, na penye wasiwasi unaweka alama na kuwarudishia wakarekebishe. Severa, mimi nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Inaitwa kusahihisha. Na anayesahihisha madaftari ya darasa ni nani? Si mwanafunzi. Kumbe madaktari wako chini yako, na wewe kwa unyenyekevu uliorithi kwa marehemu baba yako unajiita karani! Nimewaeleza wana jumuiya jinsi ulivyonifafanulia. Walipiga makofi.

Onesphory anatangaza kwamba wewe ni fundi cherehani. Anasema ulikuwa unakanyaga na kitambaa hakukiona. Nimemwambia anyamaze, hajui mambo ya kisasa.

Kuhusu majaribio usiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa kwenye majaribio miaka miwili, wazazi wanaingia darasani kila siku, mmoja aliingia na mbuzi, na hakuna aliyenifukuza.

Mleta barua hii ni Candida, mke wa katekista. RUFAA. Tatizo: tumbo, upande wa juu, hasa baada ya maharage. Tabia: msemaji. Maoni ya mwalimu: maswali kumi, alijibu kumi na nne. Amebeba mikungu miwili ya ndizi mshare, mmoja wako, mmoja wa daktari. Umwangalie vizuri daktari anapompima, kisha uniandikie kama anamshika taratibu au kwa nguvu.

Shangazi yako,
Theopista


Kariakoo
1 Machi 2024

Shikamoo Shangazi,

Hii ni karatasi ya tatu, mbili za kwanza nimezichana, na siyo kwa joto, ingawa Kariakoo leo hata ukuta unatoka jasho.

Candida aliingia Jumanne jioni. Kesho yake, Jumatano ya ukaguzi, nilimwomba saa nne kasoro robo ateremke akakae dukani kwa Moza. Akateremka. Moza alikuwa amefunga, amekwenda kupokea mzigo, hivyo Candida akapanda tena, taratibu, anasalimia kila mlango. Aliingia kwangu simu ya Bryson ikiwa inaita. Nikamsukuma nyuma ya pazia la jikoni, nikamsihi asikohoe.

Hakukohoa. Nilizungusha kamera: kitanda, kabati, dirisha. Bryson akasema, "Sawa, sasa tuone na upande wa pili." Candida kusikia sauti ya mwanaume ikisema hivyo, akajua daktari amefika. Alitoka nyuma ya pazia, akasimama katikati ya kamera, akainua blauzi kidogo, akasema, "Shikamoo daktari. Ni hapa, chini ya kifua." Bryson ana miaka ishirini na sita. Alijibu, "Marahaba, pole sana mama." Halafu akakumbuka yeye ni nani.

Nimepewa onyo la maandishi, la kwanza na la mwisho. Akionekana mtu mwingine chumbani, hata akiwa paroko, nimefukuzwa, na mkataba nitausikia kwa wenzangu.

Sasa nisikilize, Shangazi, nakuomba. Madaktari hawako chini yangu. Mwalimu anayesahihisha daftari analijua jibu. Mimi jibu silijui. Mimi ni ubao. Wao wanaandika, mimi nabeba maandishi yao, basi. Ukiwaambia watu vingine unanivunjia kazi.

Candida nimempeleka Upanga leo. Ni vidonda vidogo vya tumbo, vinatibika. Daktari alimshika taratibu. Karatasi yake amebeba, kurasa mbili.

Mtoto wako,
Severa


Kariakoo
4 Machi 2024

Kwako Dada Theopista,

Assalaam alaikum, na habari za huko kwenye baridi. Hatujuani kwa sura, mimi ndiye Moza wa vitenge. Barua hii namkabidhi Candida, na Severa hajui kama nimeandika, kwa hiyo na wewe usijue.

Dada yangu, nasikia mtoto amekukataza kuleta wagonjwa. Usiwakatishe, wapangie ratiba tu. Jumatano asije mtu. Siku nyingine waje moja kwa moja dukani kwangu, nitawakalisha juu ya marobota, Severa akimaliza kazi yake saa kumi atashuka kuwachukua. Mfungo unakaribia, watu wananunua nguo za sikukuu, na mimi nahitaji watu dukani. Huyu Candida amekaa siku nne akaniuzia doti kumi na mbili bila mimi kufungua mdomo. Kama una mwingine mwenye maneno kama yeye, mlete hata kama haumwi.

Nikwambie na asiyokwambia Severa. Kule kwa daktari nilikwenda nao. Daktari alisema maneno yake mbiombio kama kawaida yao, Severa akamwambia, "Samahani daktari, rudia hapo kwenye dawa ya pili." Akarudia! Akaandika yote kwa Kiswahili cha kueleweka, kipi ule lini, kwa nini, ukiona nini urudi. Mimi nina presha mwaka wa sita huu. Nilikuwa nameza tu, sijui namezea nini. Juzi nikamburuta na mimi aende nami kliniki, nikaandikiwa karatasi yangu. Wallahi nilitaka kulia pale pale mbele ya watu.

Mchana anakula biskuti. Ndizi zako ndizo zinazomshikilia.

Wako,
Moza


Mkuu, Rombo
18 Machi 2024

Mpendwa Severa,

Nimepokea barua yako. Neno "ubao" nimelisoma mara nyingi. Ubao nimeufuta maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kama una uchungu wake.

Nilifanya kosa. Nilijisifu kwa kazi ya mtoto wangu kabla ya kuielewa, kisha nikaielewa vibaya kwa makusudi kwa sababu ilinipendeza zaidi hivyo. Jana baada ya sala ya jumuiya nilisimama nikawaambia: Severa si daktari wala mkubwa wa madaktari, ni mwandishi wao, na mimi ndiye niliyewapotosha. Walinyamaza wote. Nikaketi. Naona wananidharau, na ni haki yao.

Rufaa nimezifunga. Naapa mbele ya msalaba huu ulio ukutani, hatavuka mtu mlango wako kwa barua yangu wala kwa ushauri wangu mpaka tarehe 30 Aprili ipite, awe nani, awe na ugonjwa gani. Ukipata mkataba ndipo nitalala. Yule jirani yako mwambie namshukuru, lakini ratiba yake siitaki.

Unisamehe mistari inavyopanda na kushuka, meza imekuwa mbovu. Na taa niliyouziwa juzi ni takataka tupu, ukiitazama ina duara la rangirangi pembeni. Nimemwambia mwenye duka abadilishe, anasema yeye haoni kitu.

Usinijibu. Fanya kazi.

Shangazi yako,
Theopista


Mkuu, Rombo
8 Aprili 2024

Severa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Onesphory. Goti linakunja. Hilo la kwanza.

La pili, shangazi yako haoni, na amenikataza kusema mpaka mwezi huu uishe. Niliahidi sitasema. Kuandika hatukuzungumzia.

Mbele anaona, pembeni haoni. Jumapili ya Matawi aliusalimia mfuko wa saruji pale kanisani, "Tumsifu Yesu Kristo," akasubiri, haukuitika, akausema kwa kukosa adabu. Tulicheka. Jumatatu ya Pasaka alikosea daraja akaingia mzima kwenye mfereji, na maji yalikuwa mengi. Hatukucheka. Nilimtoa mimi. Tangu hapo kichwa kinamuuma, na jicho la kushoto ni jekundu. Nesi wa zahanati anadhani ni presha ya macho, anasema amwone daktari wa macho upesi. Amemwandikia rufaa, ya kweli, yenye muhuri. Shangazi yako ameichomeka kwenye Biblia, anasema Mei siyo mbali, asije akakuvunjia kazi.

La tatu. Siku ile aliposimama kwenye jumuiya akakiri, tulinyamaza kwa sababu hatukujua cha kumjibu. Kwamba wewe si daktari tulijua zamani. Mimi nilijua nilipokaa kitandani kwako nikaona jiko na kitanda vinatazamana. Hatukufuata udaktari. Nimekwenda kwa madaktari miaka kumi na moja, narudi na neno moja tu, "vidonge". Wewe umenirudisha na ukurasa mzima. Nimeupigilia ukutani kwa misumari minne. Wengine wanataka zao. Haya nimemwambia mwenyewe, anasema namfariji.

Ukija kunilaumu kwamba nimevunja ahadi, nitakuonyesha maneno niliyoahidi.

Onesphory


Kariakoo
12 Aprili 2024

Mzee Onesphory, shikamoo. Barua hii ni ya Shangazi, lakini macho ni yako. Msomee kwa sauti, polepole, na usiruke neno lolote.

Shikamoo Shangazi,

Najua sasa hivi unamtafuta Mzee Onesphory umtazame vibaya. Mwache. Amenitendea jema.

Mwezi uliopita uliniandikia kuhusu taa yenye duara la rangi. Shangazi, tangu Februari nimeyachapa maneno hayo mara nane au tisa, ya wagonjwa nisiowajua, waliosimulia kwa madaktari nisiowajua. Kila mara daktari aliposema hivyo mwishoni alitaja na presha ya macho. Nikayasoma kwa mwandiko wako mwenyewe, mistari inapanda na kushuka, nikasema huyo mwenye duka ni mwizi. Nimelia sana, na sioni sababu ya kukuficha. Nasikiliza watu siku nzima, nimeshindwa kukusikia wewe.

Presha ya macho haingoji mkataba. Uoni uliokwisha haurudi. Uliobaki unaokolewa, kwa dawa za matone au upasuaji mdogo, lakini lazima iwe sasa. Mei ni mbali mno. Njoo Jumatatu tarehe 22. Nitakuwa stendi ya Mbezi kabla ya basi lako, na Jumanne asubuhi tuna miadi Upanga. Utalala kitandani kwangu. Moza ameshaleta shuka jipya na amekataza mtu kulilalia kabla yako.

Mzee Onesphory, aya inayofuata ni yako peke yako, usimsomee. Nilimwomba Bryson ruhusa ya wiki mbili, maana kliniki ya macho ni asubuhi na dukani kwa Moza mgonjwa hawezi kulala. Aliye kwenye majaribio hana ruhusa, akitoka ametoka. Nikamuuliza kama naweza kuendelea na kazi Shangazi akiwa amelala hapo nyuma. Akauliza, "Huyo shangazi anaelewa Kiingereza?" Nikasema anaelewa kila kitu, ndilo tatizo lake. Bryson alicheka, kisha akaacha kucheka akasema pole, sheria ni sheria. Kwa hiyo majaribio yangu yanakufa tarehe 22, siku nane kabla ya mwisho. Julai naruhusiwa kuomba upya, nianzie siku ya kwanza. Nimekubali na nimeshasaini. Asijue kabisa, akijua hatapanda basi.

Sasa endelea kumsomea. Shangazi, uje na rufaa ya nesi, siyo ya kwako. Unijibu upesi, useme ndiyo. Mzee Onesphory atakuandikia, na nimwombe aandike kila unachosema kama kinavyotoka, maana wewe ukipewa nafasi ya kupanga maneno unanificha mambo.

Mtoto wako anayekupenda,
Severa


Mkuu, Rombo
16 Aprili 2024

Severa, umeniambia nisome bila kuruka neno, nimesoma. Umeniambia niandike kila anachosema, naandika. Kuanzia hapa ni yeye. Onesphory.

Mpendwa Severa. Umeandika? Soma nisikie. Sawa. Tumsifu Yesu Kristo. Kalamu hiyo unaishika kama nyundo, Onesphory, ndiyo maana inakwaruza. Hilo usiandike. Endelea.

Nimesomewa barua yako. Yote. Alifika kwenye "usimsomee" akaisoma kwa sauti, akaendelea mbele kama padre kwenye Injili. Siku nane, Severa! Mimi nimekaa kimya mwezi mzima, nimeumwa kichwa kimya, nimekunywa maji ya mfereji, ili wewe ufike hiyo tarehe 30, na wewe unaitupa kazi kama ganda la ndizi, tena umeshasaini! Nimekasirika. Andika nimekasirika. Pigia mstari. Mmoja unatosha.

Nilimwambia aandike kwamba siji. Akaandika. Hapo juu unapoona pamekwanguliwa ndipo palipokuwa na "siji". Tulibishana, mimi na yeye, mpaka uji ukaganda. Alisema, ukikataa, mtoto atakuwa amepoteza kazi na wewe umepoteza macho, hiyo ni hesabu ya darasa la ngapi? Katika miaka yote niliyomjua ni mara yake ya kwanza kunishinda, na usimwambie. Aha, yeye ndiye anaandika. Basi.

Kuna jambo sikukwambia. Kuona vibaya nimeanza tangu Novemba. Wakati wa Noeli, ulipokuja, yule jogoo nilimkamata kwa kubahatisha. Niliogopa kwenda kwa daktari wa huko, kwa hiyo nikamtuma Onesphory kwanza nijue kama wanaumiza. Akarudi anasema hawaumizi. Lakini Onesphory hata msumari ukimwingia kidoleni hashtuki, ushahidi wake haufai, ndipo nikamtuma Candida. Mbona umeacha kuandika? Nasikia kalamu imenyamaza. Ndiyo, nilikutuma uwe mtihani. Goti lako si limepona? Andika.

Candida nilimkalisha jikoni nikamuuliza maswali kumi. La tisa lilikuwa, je, Severa alikuacha peke yako na madaktari? Akasema hakuniacha hata dakika moja, alinishika mkono mpaka mlango wa kutokea. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo, Severa. Sikujua namna ya kukuuliza mwenyewe. Mtu amekulea, amekuchapa, amekufundisha kusoma, halafu aanze kukuomba umshike mkono. Haiandikiki.

Nitapanda basi Jumatatu. Rufaa ya nesi ninayo, ameandika umri wangu vibaya na amekataa kurekebisha. Candida atakamua ng'ombe. Onesphory anasema ananisindikiza hadi huko kwa ajili ya goti. Goti halina kitu, jana nilimsikia akiruka mfereji. Na huyo Bryson, nitazungumza naye mimi, mwalimu kwa kijana. Usinizuie, utanichosha macho.

Andika mimi ni mzima, ng'ombe mzima. Andika Shangazi yako, Theopista. Mwalimu Mkuu mstaafu, kwenye mabano. Basi, ikunje.

Naogopa, Onesphory. Hilo usiandike. Umeliandika? Niambie kweli, maana mimi sioni.